Shangazi, Meya Wetu Yuko Wapi? Maswali Yenu ya Kura Mombasa

Haya jamani, wiki hii sanduku limejaa maswali ya kura mpaka yale ya mapenzi nimeyaweka kando, wenye ndoa zinazoyumba nivumilieni mpaka toleo lijalo. Kosa ni langu mwenyewe, manake toleo lililopita niliuliza swali moja tu, nani amjua MCA wake kwa jina, yaani mwakilishi wa wadi yake kwenye bunge la kaunti, na waliojibu sawasawa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wengine wakanitajia mbunge, kuna mmoja alinitajia chifu. Basi leo twende polepole.

*Asalaam aleikum Bi Shangazi. Mimi ni mtu mzima, mzaliwa wa Kibokoni. Mjukuu wangu aniambia Mombasa haina meya tena, alafu anaongeza ati hata zamani sisi hatukuwahi kumpigia meya kura. Nimekasirika manake mimi nakumbuka tukishangilia meya barabarani. Nani mkweli?*
Mzee wa Mji wa Kale

Waaleikum salaam mzee wangu. Mjukuu ni mkweli kwa yote mawili, kwahivyo usimnyime pesa ya sikukuu.

Zamani wewe na mimi tulikua twampigia diwani wa wadi yetu, kansela tukimwita, basi kazi yetu ikaishia hapo. Madiwani wakishachaguliwa, pamoja na wale wa kuteuliwa, ndo wakaingia Town Hall wakafungiana mlango wakamchagua meya miongoni mwao. Sisi tulikua nje na ngoma. Hizo shangwe wazikumbuka sawa kabisa mzee, ila zilikua shangwe za kusubiri matokeo ya watu wengine. Na si Mombasa peke yake, Kenya nzima ilikua ni mchezo huohuo, ikikaribia siku ya kumchagua meya wasikia madiwani hawaonekani, wamefichwa hotelini kambi nyingine isiwafikie, kansela ametoka kwake na kibegi kidogo akamwambia mke naenda semina na simu amezima. Meya akitoka mle ndani ana mkufu shingoni na joho mabegani lakini ofisini akimkuta karani wa mji, ambaye hakuletwa na wewe wala na madiwani, ameletwa na serikali kuu Nairobi, na mambo mengi ya pesa hayaendi bila yeye. Najib Balala alikua meya hapa mwishoni mwa miaka ya 90, muulize mtu yeyote wa rika lako kama alimpigia kura ya umeya, utaona anavyokuna kichwa.

Katiba ya 2010 ndo iliyomaliza hayo. Ulipofika uchaguzi wa Machi 4, 2013 manispaa ikafa, ikaja kaunti, na gavana tukampigia sisi wenyewe moja kwa moja na naibu wake akiwa kwenye tiketi hiyohiyo. Watu wa barazani wakapata utani wao, meya aliyevaa joho ameondoka tumeletewa Joho mwenyewe, manake gavana wa kwanza ni Hassan Ali Joho, akakaa mihula yake miwili mpaka 2022. Alafu usidanganyike ati kwa vile Mombasa ni jiji lazima kuna kiti cha meya kimefichwa mahali. Hakuna. Jiji ni hilohilo na kaunti nambari 001 ni hiyohiyo, mwenyewe ni gavana.

*Shangazi mimi nauza nyanya na vitunguu soko la hapa mtaani, soko silitaji lisije likaniletea maneno. Kila asubuhi nalipa ushuru, nakatiwa risiti, mvua ikinyesha mtaro umeziba maji yote yanatuingilia chini ya meza. Nikimwambia MCA asema ameshapeleka kwa gavana. Watu wa gavana wakija wasema MCA wenu ndo mwenye hiyo kazi. Mwaka ujao au wowote ule nimwekee nani hasira zangu?*
Mama nyanya

Mamangu pole. Hili ndo swali lililonifanya nikae na kalamu, manake ndani yake kuna kila kitu.

Kwanza kazi ni ya kaunti, hapo usizungushwe. Soko, mtaro, taka, zahanati, chekechea, leseni ya biashara, barabara za ndani za mtaani, yote hayo katiba imeyaweka kaunti. Sasa ndani ya kaunti wenyewe, chukulia kama harusi. Gavana ndo mpishi na ana majiko na wapagazi wake, wale mawaziri wa kaunti na maofisa. MCA si mpishi. MCA na wenzake ndo kamati ya harusi, wao ndo hukaa wakakubaliana mchele gunia ngapi na nyama kilo ngapi na meza ipi ianze, na pilau ikitoka wao ndo wenye haki ya kufunua sufuria wakamuuliza mpishi mbona nyama haionekani. Kwahivyo MCA akikwambia nimepeleka kwa gavana, muulize ulipeleka na nini? Manake barua haina nguvu, nguvu yake iko kwenye bajeti. Kama mtaro wenu haumo kwenye bajeti hauzibuliwi, na kama umo na haukuzibuliwa basi yeye ndo wa kusimama bungeni kwao auulizie.

Na bajeti ina kalenda, hii andika kwenye daftari la madeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio yenyewe ya bajeti kufikia Aprili 30. Yapitishwe kabla mwaka wa pesa kuisha Juni 30. Kati ya hapo sheria inawalazimu watuite wananchi tutoe maoni, na hapo ndo penye mambo, manake tangazo linatoka kwenye gazeti ambalo wewe unafungia nyanya.

Mimi nilienda mmoja wa mikutano hiyo, ukumbi siutaji. Viti vya plastiki, feni moja inafanya kazi, soda zimepangwa kwenye kreti pale nyuma na macho ya watu wote yako nyuma. Ofisa akasoma makaratasi kwa Kiingereza nusu saa. Alafu akasimama mama mmoja wa makamo na buibui lake, akatoa kwenye mkoba fungu la risiti za ushuru zimefungwa na raba bendi, nene hivi kama mkate wa boflo, akaliweka juu ya meza mbele ya yule ofisa. Hakupiga kelele. Akasema hizi ni za mwaka mmoja tu, za meza moja, hebu nihesabieni alafu mnioneshe kwenye hicho kitabu chenu ni ukurasa gani ulioandikwa mtaro. Yule ofisa akafunua mbele, akafunua nyuma, akanywa maji. Jina la soko likaandikwa pale pale kwa kalamu pembeni mwa karatasi mbele ya macho yetu. Kama ulijengwa au haukujengwa hiyo ni hadithi nyingine, lakini mimi tangu siku ile risiti yangu yoyote ya kaunti siitupi.

Hasira zako basi zigawe, na robo ibaki kwako kama mkutano wa bajeti hujawahi kwenda.

*Sasa shangazi, niko Bamburi, naendesha tuktuk, nina miaka 27. Vijana wenzangu kwenye steji wananiambia nisimame MCA. Chama sina na pesa sina, digrii pia sina. Inawezekana ama wananichezea?*

Inawezekana mwanangu, na wanakuchezea pia, yote pamoja.

Mgombea huru anaruhusiwa. Kwa kiti cha wadi unatakiwa uungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa kwenye wadi hiyohiyo, mia tano wa Bamburi, si mia tano wa Mombasa nzima, binamu zako wa Likoni hawahesabiki. Wewe mwenyewe uwe umesajiliwa kura. Na miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi usiwe mwanachama wa chama chochote, hapo kagua jina lako mapema kwa msajili wa vyama manake wapo watu hujikuta wameandikwa chamani na hawakuandika wao. Digrii isikutishe, 2022 gavana ndo alidaiwa, MCA hakudaiwa. Ada ya tume ya uchaguzi kwa MCA ilikua shilingi 5,000, na vijana na wanawake na wenye ulemavu wakilipa nusu. Kwahivyo makaratasi si ghali. Kinachomaliza watu ni kila mtu wa steji anayekwambia simama simama, ukishasimama anataka fulana na mafuta na chakula cha mchana.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, Jumanne ya pili ya Agosti kama katiba inavyotaka. Anza kutafuta hizo sahihi kwa watu wasiokujua, hao ndo watakwambia ukweli.

*Shangazi 2022 mimi nilipiga karatasi 5 nikaenda zangu. Baadaye nasikia Mombasa gavana alichaguliwa siku nyingine. Mbona sikuambiwa? Na je gavana si lazima apate nusu ya kura kama rais?*
Dada wa Mikindani

Uliambiwa dadangu, ulikua umeshachoka. Agosti 8, 2022, usiku wa kuamkia kura, tume ilitangaza kwamba karatasi za gavana za Mombasa zina kosa, wamechapisha maelezo na picha za watu wa kaunti nyingine. Kakamega pia ikawa hivyohivyo. Wakasema turudi Agosti 23, ikasogezwa tena, ndo ikaangukia Agosti 29, siku ya Jumatatu.

Mimi nilirudi. Agosti 9 nlikua kwenye foleni kabla ya alfajiri kuingia sawasawa, nimebeba thamosi ya kahawa, watu wamejikunja kwenye ukuta wa shule mpaka barabarani. Ile tarehe 29 nimefika saa tatu asubuhi nikamaliza kabla chai niloiacha nyumbani haijapoa. Karani ananishika mkono kuniangalia kidole, na wino wa mara ya kwanza bado umeshika kwenye shina la ukucha, kijistari cheusi, ukucha umekua umeusukuma mbele kidogo. Tukacheka wote wawili. Nyuma yangu kulikua na watu watatu na mbwa.

Na swali lako la nusu, hapana, ile ya nusu na kura moja ni ya rais tu. Gavana ni mwenye nyingi achukua, hata ziwe zimezidi moja. Sasa angalia. Rejista ya Mombasa 2022 ilikua na watu laki 6 na elfu 41 na ushei. Abdulswamad Shariff Nassir wa chama cha ODM akashinda kwa kura laki 1 na elfu 19 hivi, Hassan Omar wa chama cha UDA akapata kama elfu 98. Hata ukiwajumlisha hao wawili hufiki nusu ya rejista, wala hukaribii. Chukua matatu ya abiria 14, waliompigia mshindi hawafiki watatu, na simlaumu yeye, ameshinda kihalali kwa hesabu iliyopo. Wale wa viti vya nyuma walokua wamelala ndo mimi nina maneno nao, na wewe ni mmoja wao, usinune.

*Je kupokea mia mbili ya mgombea ni haramu? Mimi nachukua kwa wote alafu nampigia nimtakaye.*

Haramu ya dini muulize sheikh wako. Ya serikali ntakujibu mimi, sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 yamkamata mtoaji na mpokeaji, faini mpaka shilingi milioni 2 au jela mpaka miaka 6 au vyote viwili. Najua utaniambia wangapi wamefungwa. Lakini hebu fikiria wewe mwenyewe, mia mbili ugawanye kwa miaka mitano, hata kaimati moja kwa mwezi haifiki maridadi. Na hii hadithi ya ati nachukua kwa wote mimi mjanja, mwenye pesa anaijua kabla yako, ameshaipigia hesabu, yeye anachonunua ni wewe kutomdai baadaye. Siku ukienda kumuuliza mtaro atakutazama tu.

*Niko Mtwapa miaka 9, kazi yangu mjini, watoto wangu wazaliwa wa Mombasa, mimi najiita mtu wa Mombasa. Kwa nini sikuwahi kumpigia gavana wa Mombasa?*

Manake kila jioni wavuka daraja kakangu! Ukishapita daraja la Mtwapa uko Kilifi, gavana wako ni wa Kilifi na MCA wako ni wa Kilifi, hata kama matatu iliyokushusha imeandikwa Mombasa ubavuni. Wenzako wa Mazeras ni hadithi hiyohiyo. Upande wa kusini ndo watu huchanganyikiwa kinyume, wadhani ukishavuka feri umeingia Kwale, kumbe Likoni yote, Mtongwe, Bofu, Timbwani mpaka Shika Adabu bado ni Mombasa.

Kura inafuata kituo ulichojisajili, haifuati unavyojiita. Ukihama kweli, nenda mwenyewe ofisi ya tume ya eneo bunge unakohamia, ujaze fomu ya uhamisho, na uende mapema si wiki za mwisho.

*MCA wetu tangu apite haonekani, hashiki simu. Tunaweza kumtoa?*
Vijana wa Kisauni

Kutoshika simu sio kosa la katiba, ingekua hivyo nchi ingebaki na viongozi watano. Lakini kuna hili. MCA akikosa vikao 8 vya bunge la kaunti bila ruhusa ya maandishi ya spika, kiti kinakua wazi. Akijiuzulu chama kilichompeleka pia kiti kinaenda. Kwahivyo badala ya kumpigia simu usiku, nendeni bungeni kwao mchana mukaulize rekodi ya mahudhurio, ni haki yenu.

Gavana yeye hatolewi na sisi kabla ya muhula. Anaweza kutolewa na haohao MCA, theluthi mbili yao wakikubaliana na sababu nzito, alafu ende Seneti ikaamue. Umeona sasa? Hawa watu 30 wa wadi, kumi na mbili kati yao mukiwajumlisha wa Kisauni na Nyali peke yake, pamoja na wale wa viti maalum, ndo wameshika kisu cha gavana na ndo wameshika bajeti yake. Alafu sisi ikifika kampeni twamwangalia gavana na helikopta yake, wadi twasema yoyote tu, huyu mtoto wa fulani, yule alinisaidia mchango wa matanga.

*Feri ya Likoni ikikwama nimlaumu MCA ama gavana?*

Hakuna kati yao. Feri iko chini ya Mamlaka ya Bandari, serikali kuu, peleka kwa mbunge na seneta. Polisi na vitambulisho vilevile. Na bursari iko mbili, ya mbunge na ya kaunti, ukinyimwa moja jaribu nyingine.

*Bibi yangu wa Majengo hasomi na macho hayaoni vizuri. Kila uchaguzi anarudi analalamika karatasi zimemchanganya. Tunamsaidiaje?*
Mjukuu wa bibi

Mwambie anaruhusiwa kuingia na mtu anayemuamini mwenyewe, wewe au mwanawe au jirani, mradi awe mtu mzima, na pale mlangoni atajazishwa fomu ya kusaidia. Sharti ni kwamba msaidizi asaidia mtu mmoja tu, kwahivyo usimbebe bibi na dada zake watatu, kila mmoja awe na wake. Asipokua na mtu, msimamizi wa kituo ndo humsaidia mbele ya maajenti wa vyama, ila wengi hawapendi manake watu watano wote wanasikia siri yako.

Rangi za karatasi mfundishe nyumbani kwa vitambaa, kama za 2022 hazikubadilika basi rais ni nyeupe, gavana bluu, seneta manjano, mbunge kijani, mwakilishi wa wanawake zambarau. Ya MCA ni ile iliyofifia, kama chai iliyozidi maziwa, huwa ndo wanaisahau wakaitumbukiza tupu. Bibi chai anaijua.